Nakala Bila Jina: Maoni Kuhusu Manukuu ya Gitaa la Flamenko

Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anafahamu fika kwamba utungo ukitolewa kinywani na kutiwa karatasini hubadilika. Toni ya fanani hupotea, ishara zake hupotea, na hadhira iliyokuwa ikimwitikia hutoweka. Tatizo hili si letu peke yetu. Linawakabili pia wanaojifunza gitaa la flamenko, muziki wa Andalucía, kusini mwa Uhispania, ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2010 miongoni mwa turathi zisizogusika za binadamu. Swali linalowagawanya wapenzi wa muziki huo ni hili: je, ni haki wanafunzi kunakili na kugawiana manukuu, yaani maandishi ya yale yaliyopigwa na mabingwa? Katika makala haya ninashikilia kuwa kosa haliko katika kugawiana. Kosa ni kugawiana bila kutaja jina na kujifunza bila kutumia sikio.

Yafaa tuanze na kile kinachonakiliwa. Kwa asili, mpiga gitaa wa flamenko ni mwandani wa mwimbaji. Mwimbaji anapotua kati ya beti, gitaa hujaza nafasi kwa kipande kifupi cha lahani kiitwacho falseta. Kipande hicho hakielei ovyo, bali hufuata mzunguko maalumu wa mapigo. Katika solea, kwa mfano, mzunguko mmoja una mapigo 12, na mkazo huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Kwa vizazi kadhaa, hasa katika familia za Wagitano, falseta zilirithishwa bila karatasi. Mkubwa alipiga, mdogo akatazama vidole, akasikiliza, akaiga hadi mkono wake ukatii. Kisha akaongeza lake. Kunakili kwa namna hiyo hakukuwa wizi. Ndiyo iliyokuwa shule yenyewe.

Hata hivyo, wanaodai kwamba maandishi ni ugeni katika muziki wa Uhispania hawana mashiko. Mwaka 1536, Luis de Milán alichapisha huko Valencia kitabu cha vihuela, ala iliyo jamaa ya gitaa, akitumia mistari na tarakimu: kila mstari ni uzi, na kila tarakimu huonyesha mahali pa kubonyeza. Mwaka 1902, Rafael Marín alichapisha mwongozo wa gitaa la flamenko kwa nota na kwa tarakimu vilevile. Kwa hiyo, flamenko imeandikwa kwa zaidi ya karne moja. Ila tarakimu ina mipaka yake. Humweleza mwanafunzi kidole kiende wapi, lakini haimwelezi uzito wa pigo, wala pale mpigaji anapochelewa kidogo kwa makusudi ili mwimbaji avute pumzi.

Mfano wa Paco de Lucía (1947–2014), mzaliwa wa Algeciras, unatufaa sana. Utotoni alifunzwa na baba yake pamoja na kaka yake Ramón, na miongoni mwa aliyoyashika vidoleni ni falseta za Niño Ricardo. Alipozuru Marekani akiwa kijana katika miaka ya 1960, alikutana na Sabicas, bingwa aliyekuwa akiishi huko, naye akamhimiza aache kupiga ya wengine na atunge yake. Laiti asingeiga, angekosa msingi. Laiti asingeacha kuiga, angebaki kuwa mwangwi wa Ricardo.

Kisa chake kina upande wa pili. Paco hakuwa amesomea nota, ilhali kazi zilihitaji kuandikwa ili zisajiliwe katika chama cha haki za watunzi. Mwanamuziki mwingine aliziandika, na jina lake likaingia kando ya la Paco kama mtunzi mwenza. Baada ya kifo cha Paco, warithi wake walikwenda mahakamani kulipinga jambo hilo, na mahakama ya Madrid ikawaunga mkono. Funzo liko wazi: kunukuu si kutunga. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizikusanya na W. E. Taylor akazihifadhi, kabla ya William Hichens kuzichapisha mwaka 1940. Hakuna anayemwita Sikujua mtunzi wa mashairi hayo, wala hakuna mtafiti mwaminifu anayemsahau.

Mnukuzi naye ana haki yake. Sauti ileile inaweza kupatikana katika nyuzi mbili au tatu tofauti za gitaa. Hivyo mnukuzi hurudia sekunde chache za rekodi mara nyingi mno ili abaini ni uzi upi na kidole kipi. Soko la vitabu vya aina hii ni dogo. Mmoja anaponunua kitabu na darasa zima likajitolea nakala, mnukuzi hana sababu ya kuandika kitabu cha pili. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wapo watakaoniuliza: je, mwanafunzi maskini aliye mbali na Andalucía, asiye na mwalimu, afanyeje? Swali hili ni zito. Flamenko ina wafuasi wengi nje ya Uhispania, hata Japani, na kwa baadhi yao ukurasa ulionakiliwa ndio mwalimu pekee. Wengine hujitetea kwamba mambo ya kale hayana mwenyewe. Hapo wajihadhari. Sheria ya Uhispania huilinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na kwa miaka 80 ikiwa alifariki kabla ya tarehe 7 Desemba 1987. Ramón Montoya, aliyerekodi gitaa la pekee mjini Paris mwaka 1936, alifariki mwaka 1949. Kwa hesabu hiyo, tungo zake zinalindwa nchini humo hadi mwisho wa mwaka 2029.

Ninapendekeza basi masharti matatu. Kwanza, kila ukurasa unaogawiwa ubebe jina la aliyeibuni falseta, rekodi ilikotoka, na jina la mnukuzi. Pili, kitabu kinachouzwa kinunuliwe, hata kwa kuchangiana. Wanachogawiana wanafunzi kiwe kile walichokinukuu wenyewe. Najua kwamba sheria ikisomwa neno kwa neno huweza kuyabana hata manukuu hayo, lakini kuyafunga kabisa ni kuikata njia ambayo falseta zimepitia tangu awali. Tatu, mwanafunzi asiuguse ukurasa kabla ya kuisikiliza rekodi na kuyapiga mapigo 12 kwa viganja hadi ayazoee. Ukurasa umsaidie pale sikio linapokwama, usichukue nafasi yake.

Mwacha asili ni mtumwa. Mwanafunzi anayekusanya mamia ya kurasa zisizo na majina anaweza kujiona tajiri, kumbe hajui anampiga nani wala kwa nini. Aliyejifunza falseta moja kwa sikio, akajua ni ya nani, na akamtaja anapoipiga, huyo amepokea urithi, na ana cha kumpa anayemfuata.