Mafuta ya Uso Hayafai Kukuahidi Rangi ya Thao

Wasee wa Migori na Homa Bay, leo ni mafuta ya uso. Naskia vijana wa steji wameshaanza kucheka: mwanaume mzima, ndevu zinaota, ati anapima mafuta ya uso? Chekeni mmalize. Halafu mniambie mbona kila asubuhi mnajipaka Arimis, mafuta yaliyotengenezewa kiwele cha ng'ombe, mnatoka keja mking'aa kama tangi la pikipiki mpya. Ngozi ni ngozi, omera. Haijui kama wewe ni dem ama chali.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usome ukijua tunaenda wapi. Mafuta mazuri ya uso ya kila siku yanafanya kazi moja ndogo: yanasaidia ngozi kushika maji. Basi. Yakianza kukuahidi rangi mpya, hapo unauziwa kitu kingine kwa jina la mafuta.

Nimetumia mafuta mepesi ya uso kwa wiki sita, tatu nikiwa Migori mjini na tatu nikiwa Homa Bay kwa sistangu. Nilinunua kwa kemisti na pesa yangu, mililita 100 kwa shilingi 850. Jina la kampuni silitaji, maana hakuna mtu amenilipa na sitangazi chupa, naongea juu ya aina. Ni mepesi kama maziwa, hayana marashi, na kiasi cha punje moja ya haragwe kinatosha uso na shingo.

Huku kwetu ni mtihani mzuri wa mafuta. Migori wakati wa kiangazi ni vumbi tupu, ukishuka kwa boda nyusi zimegeuka kahawia. Ukipita Awendo wakati wanachoma miwa, majivu yanakufuata mpaka kwa nguo zilizoanikwa. Halafu ukate kona Rongo, upite Rodi Kopany ushuke Homa Bay, hewa inabadilika kabisa. Ni joto la ziwa, ni jasho, saa nne asubuhi shati limeshikana na mgongo. Mafuta mazito hapo yanayeyuka, yanachanganyika na jasho na vumbi, na uso unakuwa kama sufuria ya kukaanga mandazi.

Haya mepesi yalifanya nini? Migori, ule ukavu wa kuvuta ngozi baada ya kuoga uliisha ndani ya siku chache. Kupauka kwa pembeni ya mdomo kuliisha. Homa Bay, mpaka saa saba mchana uso haukuwa unateleza, na sikuhitaji kujipangusa na leso kila dakika tano. Chunusi je? Ziliendelea kuja, pengine zikapungua kidogo, siwezi kuapa. Madoa meusi ya zile chunusi za zamani? Yako palepale. Rangi yangu? Ni ileile mamangu alinizaa nayo.

Kuna mtu atauliza, sasa umelipa mia nane hamsini ya nini? Nililipia hiyo kazi moja ndogo, na imefanyika.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya daktari wa ngozi. Lakini kusoma lebo hakuhitaji shahada. Karibu kila mafuta ya ngozi ni mchanganyiko wa vitu vya aina tatu. Kuna vinavyovuta maji na kuyashika kwenye ngozi, kama gliserini. Kuna vinavyolainisha, vinajaza nyufa ndogo za ngozi kavu, kama mafuta ya mimea. Na kuna vinavyofunika ili maji yasitoroke, kama Vaseline na Arimis. Mafuta mepesi yana maji mengi na gliserini, na kifuniko kidogo sana. Ndio maana hayakulemei kwa joto la ziwa. Viungo kwenye lebo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa hivyo ukiona maji ya kwanza na gliserini karibu na mwanzo, uko njia nzuri.

Vaseline siitupi. Ni nzuri kwa visigino, midomo na magoti, na usiku wa baridi inafaa hata usoni kama ngozi yako ni kavu. Ila mchana wa jua kali, kwa mtu ambaye uso wake unatoa mafuta wenyewe, ni mzigo.

Na kama huna mia nane, sikiza. Ile chupa ndogo ya gliserini iko madukani mengi na bei yake ni ya chini sana. Osha uso, acha ukiwa bado na unyevu, tone mbili tatu za gliserini uchanganye na maji kiganjani, paka. Itanata kidogo, lakini kazi ni ileile.

Sasa tuingie kwa kitu kilichonifanya niandike.

Mwezi uliopita muuzaji mmoja wa vipodozi alinitumia ujumbe. Elfu nane kwa video moja. Kodi ya keja yangu ni elfu nne na nusu, kwa hivyo mnaelewa kichwa kilianza kupiga hesabu. Sampuli ikaletwa na matatu: kikopo cheupe, hakina orodha ya viungo, hakina jina la kiwanda, hakina tarehe. Nilitakiwa kusema ni mafuta ya kulainisha uso, mepesi, ya kila siku, na kwa siku saba "unang'aa." Nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema nisiwe na maswali mengi, wenzangu hawaulizi. Nikamrudishia kikopo chake. Elfu nane ikaenda.

Mbona naogopa kikopo kisicho na lebo? Kwa sababu mafuta yanayobadilisha rangi haraka mara nyingi yana kitu kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza ni steroidi kali, ambazo zinafanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na ukiziacha uso unaripuka. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ukiitumia muda mrefu bila daktari inaweza kukuachia mabaka meusi ya kibuluu yasiyotaka kutoka. Yaani ulitafuta weupe, ukapata weusi wa mabaka. Cha tatu ni zebaki.

Na zebaki sisi watu wa Migori tunaijua. Nenda Nyatike, nenda Macalder, nenda Osiri. Wachimbaji wadogo wanaimwaga kwa karai, wanachanganya na udongo wenye dhahabu kwa mikono, halafu wanachoma ili dhahabu ibaki. Kila mtu hapa ashaambiwa ule moshi ni sumu. Sasa mtu huyohuyo anayemhurumia mama wa Osiri kwa kushika zebaki na mikono mitupu, jioni anapaka zebaki usoni kwa sababu imewekwa kwa kikopo kizuri. Si ni maajabu?

Zebaki inazuia ngozi kutengeneza ile rangi yake ya asili, ndio maana unaonekana mweupe. Lakini haiishii kwa ngozi, inaingia mwilini. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Inaweza pia kufikia watu wa nyumba yako, hata mtoto unayembeba, bila wao kupaka chochote.

Halafu unanawa. Hayo maji yanaenda wapi? Mtaro, mto, ziwa. Zebaki ikifika majini, vijidudu vinaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, na hiyo inajikusanya kwa samaki. Mji wa Minamata huko Japani uligundua hilo kwa uchungu mwaka 1956, ugonjwa uliotokana na samaki wa ghuba yao ulipotambuliwa rasmi. Zebaki ile ilitoka kiwandani. Sisemi ngege ya leo ni sumu. Nasema sisi ambao riziki yetu ni omena na mbuta tungekuwa wa mwisho kumwaga hicho kitu kwa sinki.

Sheria ipo. Tangu 1998 shirika la viwango, KEBS, lilitangaza kwenye gazeti rasmi la serikali marufuku ya vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Kuna mkataba wa dunia uliopewa jina la Minamata, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana Geneva kwamba kutengeneza na kuuza nje vipodozi vilivyotiwa zebaki kukome kufikia 2025. Lakini sheria haikai kwa kibanda cha sokoni kukushika mkono. Hapo ni wewe na kikopo.

Kwa hivyo shika haya. Kama hakina orodha ya viungo, usinunue, hata kama ni binamu yako anauza. Ukiona maneno hydroquinone, clobetasol, mercury, calomel au mercurio, rudisha. Ukiona alama ya ubora ya KEBS, tuma neno SM, alama ya #, na namba iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023, uone kama jina la bidhaa linalorudi ni lile liko mkononi mwako. Mafuta mapya yajaribu kwanza chini ya taya siku mbili tatu. Yakiwasha, yatoe, kwa sababu ngozi nyeusi ikikasirika inaacha doa, na doa linaweza kukaa miezi. Ndio maana pia usitoboe chunusi.

Na madoa tusiyadanganye: jua linayakoleza. Homa Bay iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Jua letu ni kali mwaka mzima. Ukipata pesa ya kitu cha pili baada ya mafuta mepesi, nunua krimu ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, paka asubuhi juu ya mafuta. Kofia pia inafanya kazi, na hiyo unayo tayari.

Najua mtu ataniambia shida si mafuta, shida ni vile watu wanatuangalia. Na ni kweli. Tumekua tukiskia rangi ya thao ndio sifa, silwal ndio anaimbiwa kwa ohangla, na rateng' anaitwa mrembo "licha ya." Hata Lupita Nyong'o, Mjaluo mwenzetu, mwaka 2014, siku chache kabla ya kushinda Oscar yake, alisimama mbele ya watu akasimulia jinsi utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe. Akasimulia pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaacha baada ya kumwona yeye. Mwaka 2019 akaandikia watoto kitabu kuhusu hilo, akakiita Sulwe, yaani nyota kwa Dholuo. Kama mtoto wa nyumba kubwa vile aliomba hivyo, usimcheke msichana wa Sindo anayenunua kikopo. Uliza nani anamuuzia, na nani alilipwa kumwambia ni kizuri.

Hapo nawaongelesha wenzangu wenye simu na wafuasi. Wafuasi wetu wengi wako shule ya upili. Wakituona tunapaka kitu, wanaenda kutafuta pesa ya kununua hicho kitu. Kama huwezi kusoma viungo vyake kwa sauti mbele ya kamera, usikipake mbele ya kamera. Njaa naijua, hata mwezi huu mwenye nyumba nimemlipa nusu. Lakini kodi inakuja kila mwezi, figo ni mbili tu.

Mafuta yangu yamebaki robo chupa. Yakiisha nitanunua mengine ya aina hiyohiyo: maji, gliserini, hakuna miujiza.