Mgongo Umemshika, Lakini Yeye Anaamini Nini?

Mfikirie mvuvi wa omena wa Muhuru Bay, kule Nyatike, Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Usiku wa giza ameingia ziwani na wenzake na taa zao. Alfajiri wanasukuma mashua nchi kavu, anainua ndoo ya samaki, na papo hapo kiuno kinamshika. Anapelekwa nyumbani akishikwa mkono.

Kabla ya jioni, ugonjwa wake umeshapata majina manne. Shangazi anasema ni juok, kuna mtu aliyemwonea kijicho ufuoni. Jirani anasema ni figo. Rafiki ananong'ona kwamba mgongo wa mwanamume ukilegea, nguvu za kiume nazo zimekwenda. Mwenyewe, kimya kitandani, amekata shauri: uti wa mgongo umevunjika, akiinama tena atapooza.

Msomaji wangu, kila jina lina matibabu yake. Wa juok atakwenda kwa ajuoga kuchanjwa chale. Wa figo atameza vidonge vya dukani wiki baada ya wiki. Wa nguvu za kiume hatamwambia mtu. Wa mfupa uliovunjika atalala tu, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Sehemu kubwa ya maumivu ya kiuno hayatokani na mfupa uliovunjika wala ugonjwa wa hatari, na mengi hupungua katika wiki chache. Lakini anayelala misuli humlegea na viungo hukakamaa. Akijaribu kusimama anaumia zaidi, naye anasema, "Si niliwaambia?" Huku nyuma fungu lake la samaki linamwendea aliyeshika nafasi yake mashuani, na mkewe anabaki na deni la dukani. (Mama huyo naye huinama mchana kutwa akianika omena na kiuno kinamuuma, lakini sijasikia aliyeambiwa alale mwezi mzima.)

Mwaka 1995 wataalamu wa Finland walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki walioshikwa na kiuno. Wengine walilazwa siku mbili, wengine walipewa mazoezi ya mgongo, wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi. Miaka miwili kabla, daktari wa Scotland, Gordon Waddell, na wenzake walionyesha kwamba kumwacha mtu kazi kunahusiana zaidi na hofu yake kuhusu kazi hiyo kuliko na ukali wa maumivu.

Tusimlaumu shangazi peke yake. Hofu nyingine hutoka kwetu hospitalini. Mtu anatazamiwa picha, anaambiwa, "Pingili zako zimelika, una mgongo wa mzee." Maneno hayo hayamtoki tena. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2015 zilionyesha kuwa hata kati ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, asilimia 37 picha zao zina diski zilizochakaa. Wa miaka 80 ni asilimia 96.

Basi mganga wa zahanati aanze kwa kuuliza: "Wewe mwenyewe unadhani ni nini?" Asicheke. Akicheka juok, mgonjwa atachukua dawa, ashukuru, asirudi. Anayehofia figo apimwe mkojo aonyeshwe majibu. Anayehofia kupooza apimwe nguvu za miguu, aelezwe kinachotafutwa na kilichoonekana.

Wapo wa kuwahishwa hospitali bila mjadala: anayepungua uzito, mwenye homa au jasho la usiku, maana kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, aliyeanguka vibaya, anayekufa ganzi mapajani na sehemu za siri, miguu inayolegea, au anayeshindwa kuzuia mkojo au choo.

Asiye na hayo, kesho yake atembee hadi ufuoni, hata kama ni kutazama tu. Ashone nyavu kidogo, ainuke, atembee tena. Ndoo nzito aziache kwanza, azirudie polepole. Na siku ya zahanati aende na shangazi yake, asikie kwa masikio yake, kwa sababu jioni ndiye atakayeketi kando ya kitanda.