Mfuko wa Zana Chini ya Kiti cha Baiskeli



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale Mombasa aliyeolewa Bungoma, ametuletea barua ambayo imekaa mezani pangu majuma mawili. Mwanawe wa miaka 17 amenunuliwa baiskeli kuukuu, ile nyeusi ya chuma ambayo huko bara huitwa Black Mamba, na likizo hii anataka kuipanda kutoka Kitale, anakosoma akiishi kwa ami yake, hadi nyumbani Bungoma. Baba amekwisha kukubali. Mama bado. Mumewe ashauri kijana anunuliwe sanduku zima la spana. Yeye aziona fedha hizo kuwa ni za karo. Auliza: abebe nini hasa, ili asilale njiani?

Niliwahi kusomesha madrasa Kitale kwa miaka minne, na kipando changu cha kuendea vijiji vya Kiminini kilikuwa baiskeli ya aina hiyo hiyo. Swali hili, basi, nitalijibu kwa nilichokishika kwa mikono. Wala sihitaji kuirudia hadithi ya Mbedui na ngamia wake. Kila mtoto wa madrasa anaijua, na watu wazima huitaja zaidi wanapomlaumu mwenziwao. Anachouliza dada huyu ni jambo jingine: kamba ya kumfungia ngamia huyu wa chuma ni ipi, na yatosha urefu gani?

Tuitazame njia kwanza. Kutoka Kitale, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,900 hivi, barabara ya lami hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha hushika magharibi kwa barabara kuu iendayo Malaba mpaka Bungoma, ambako kimo ni mita 1,400 hivi. Ni kilomita 80 na ushei. Upande wa Trans Nzoia ni mahindi, na ukishuka kuelekea Webuye na Bungoma ni miwa. Katikati yake viko vituo vya soko ambavyo kwa kawaida havikosi mtu aliyeketi chini ya mti, mbele yake karai la maji, pampu na rundo la vipande vya tyubu. Mtu huyo ndiye msingi wa jibu langu. Zana za njiani kazi yake ni kumfikisha mpanda baiskeli kwa fundi aliye mbele yake. Zaidi ya hapo ni uzito anaousukuma mlimani bure.

Lakini fundi huyo naye ana saa zake. Magharibi ikiingia hukunja turubai. Jumapili asubuhi, katika nchi ile ambayo wenyeji wengi ni Wakristo, yuko kanisani pamoja na wanawe, nawe utakaa chini ya mti wake peke yako. Tena mafundi wenyewe wamepungua. Neno bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli zilizokuwa zikiwavusha watu mpakani Busia miaka ya 1960. Leo ukilitamka, kila mtu huona pikipiki. Tangu serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi, mnamo 2008, vijana wengi wa karakana wamehamia kwenye injini. Waweza kumpata fundi hodari kabisa asiye na tyubu hata moja ya inchi 28. Kwa hiyo kijana asibebe karakana, lakini asiende mikono mitupu.

Jambo litakalompata, likimpata, ni pancha. Nyua za michongoma zikikatwa, miiba yake hutapakaa njiani. Hatari zaidi ni vijiwaya vyembamba vinavyosalia pale tairi la lori lilipopasuka au kuchomwa. Jicho halivioni, na mpira wa baiskeli haviuachi. Hapa ndipo penye faraja ambayo wazazi wengi hawaijui: baiskeli ya aina hii haihitaji kung'olewa gurudumu ili pancha izibwe. Huinuliwa, tairi hubanduliwa upande mmoja tu, tyubu ikavutwa nje mahali palipotoboka, ikazibwa na kurudishwa. Mnyororo hauguswi, wala nati. Vinavyotakiwa ni vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi, kipande cha msasa, gundi, viraka na pampu. Vyuma viwe na ncha za mviringo. Mikono ya vijiko vya chuma vilivyochakaa yafaa, ikiwa mwenye vijiko ametoa idhini. Bisibisi haifai kamwe, kwani hutoboa tyubu ile ile inayokuja kuokolewa.

Na kabla ya kubandua chochote, aitazame valvu. Zile za kizamani zina kijimpira chembamba kinachovishwa juu ya pini yake, nacho kikichanika hewa hutoka polepole na mtu akadhani amechomwa na mwiba. Mate kidogo juu ya valvu yatamwonyesha mapovu. Vijimpira viwili vitatu vya akiba havina bei ya kutajwa wala uzito wa kuhisiwa, nami nimeona watu wazima wakisukuma baiskeli maili nyingi kwa kukosa kimoja.

Gundi nayo ina adabu zake. Tyubu hukwaruzwa kwa msasa mpaka ule weusi wake wa kung'aa uondoke, hupakwa gundi nyembamba, kisha huachwa dakika tano hivi hadi isinate tena kidoleni. Hapo ndipo kiraka hukandamizwa. Anayebandika gundi ikiwa mbichi, akitoka Kiminini, atabandika tena kabla ya Kamukuywa. Kabla ya kuirudisha tyubu, apitishe kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Mwiba uliobaki utakinasa. Kidole pia hunasa, ila kwa damu. Na mama aichunguze gundi mwenyewe kabla ya safari, maana iliyokwisha kufunguliwa hukauka ndani ya bomba lake hata kizibo kikikazwa. Nje utaona bomba limejaa, ndani ni jiwe.

Tyubu nzima ya akiba? Kwa baiskeli za siku hizi ambazo gurudumu hutoka mara moja, ningeitanguliza mbele ya viraka. Kwa hii, viraka kwanza, na tyubu ifuate kama uwezo upo, kwa sababu kuiingiza kwalazimu gurudumu litolewe.

Hapo ndipo spana zinapoingia, na hapo ndipo sanduku la mumeo, dada yangu, lisiponiridhisha. Nati za baiskeli moja hazizidi vipimo vichache. Kijana azipime: ya gurudumu la mbele, ya gurudumu la nyuma, ya kiti, na zile ndogo za vyuma vya breki. Spana mbili zenye vipimo tofauti kwenye ncha zake zitatosheleza karibu zote. Iko spana ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulichapa katika jarida linalosomwa na familia. Iliyo nzuri ni nzuri, lakini zile za bei nafuu huteleza na kuviringa nati mpaka asiweze kuifungua hata fundi. Iko pia ile fupi nene yenye matundu mengi. Wepesi wake naupenda, ila nati ya nyuma haiikazi inavyostahili. Na kama baiskeli ingekuwa ya Buffalo, zinazoonekana siku hizi katika kaunti za magharibi, hesabu ingebadilika: breki yake ya nyuma hufanya kazi kwa kukanyaga pedali kinyume, na mkono wake umefungwa kwenye fremu, kwa hiyo gurudumu halitoki mpaka nati ya mkono huo nayo ifunguliwe.

Mnyororo ukitoka hurudishwa kwa kijiti. Ukikatika, huunganishwa kwa kile kiungo cha kufungua na kufunga, na kimoja cha ziada pamoja na koleo dogo vyatosha. Pini ya mkono wa pedali ikilegea, wengi hubeba nyundo. Mimi ningeiacha nyumbani, kwani mawe yapo kila mahali, na kazi hiyo ni ya fundi. Breki ikifa, hakuna zana. Ashuke, aikokote mpaka kituo kinachofuata, hasa kwenye miteremko, ambako malori hayana subira.

Nimekiweka mwisho nikipendacho kuliko vyote, nacho hakinunuliwi: kipande cha tyubu kuukuu, urefu wa mkono. Watu wa bara hukata tyubu kama hizo kuwa kamba za kufungia mizigo, wakaziita blada. Kipande hicho hufunga mfuko wa zana, hufunga keria iliyokatika, na hukatwa kuwa kiraka viraka vilivyonunuliwa vikiisha. Tairi likipasuka ubavuni, hukunjwa na kuwekwa ndani, kati ya tairi na tyubu, kuzuia uvimbe usitoke nje. Fundi niliyejifunzia kwake Kitale hakuwa akiuza kingine kwa moyo mzito kama blada zake.

Kitambaa nilichokitaja kina kazi ya pili. Gundi ya pancha ikikauka vidoleni huwa utando, na utando huzuia maji yasifike kwenye ngozi. Udhu wa mtu huyo hautimii mpaka auondoe. Huondoka kwa kusuguliwa ikiwa kavu, ukaviringika kama takataka za kifutio. Grisi nzito ya mnyororo ni vivyo hivyo. Rangi yake inayobaki baada ya kusafishwa haidhuru, lakini ile yenye unene sharti itoke. Basi kipande kidogo cha sabuni ni zana miongoni mwa zana. Adhuhuri itamkuta kijana huyu barabarani, na si vyema ikaishia katika kumkwaruza vidole kwenye bomba la msikiti huku jamaa wakimngoja.

Dada yetu hakuuliza kuhusu binti zake, nami nitajijibia. Hawa mafunzo ni wao pia. Msichana anayekwenda chuoni kwa baiskeli, kwa stara yake, akiharibikiwa saa kumi na moja jioni, hapaswi kuwa amana ya yeyote apitaye njia ile. Kuziba pancha si kazi ya nguvu. Ni kazi ya vidole na utulivu, na wanaotarizi kofia katika nyumba zetu wana vyote viwili. La kuwaongezea ni hili: buibui likinaswa na mnyororo, lisivutwe. Pedali izungushwe kinyume polepole, nguo itatoka yenyewe. Kinga ya mnyororo iwepo kabla ya lolote.

Sasa hukumu, kama yaweza kuitwa hukumu. Dada, usikatae na usikubali bado. Akifika ami yake Bungoma kwa matatu wiki hii, au ukienda wewe Kitale, mtieni kijana mtihani uani. Toboa tyubu kwa sindano, mahali asipoona. Mpe mfuko wake, na kisiingie mkononi mwake chochote kisichotoka ndani ya mfuko huo. Akae, aitafute pancha, aizibe, aipige pampu, kisha mwache pembeni mpaka Isha. Tairi likiwa gumu bado, ametimiza sharti. Pampu ikionekana kuvuja, au gundi kuwa jiwe, au spana kutoingia nati, mmeligundua uani na si Misikhu. Kila kitu ambacho hakukigusa siku hiyo kitoke mfukoni, isipokuwa vya kufungulia gurudumu, kiungo cha mnyororo na koleo lake. Sanduku la spana libaki dukani na karo ilipwe.

Aondoke baada ya Alfajiri, siku ya kazi. Ndani ya bahasha ya viraka ikunjwe noti ya nauli yake na ya baiskeli, kwani matatu nyingi za njia ile huipakia juu. Ikiingia Alasiri hajafika Webuye, apande gari, na asionewe haya wala kuchekwa na baba.

Mfuko ufungwe chini ya kiti kwa blada, si kwenye keria ambako utaanguka bila kusikika. Pampu ndiyo inayopendwa na wezi, hata kwenye nyua za misikiti. Kila anaposimama, aichomoe na kuingia nayo.

Juma lijalo, in shaa Allah, tutarejea maswali ya mirathi yaliyosalia.