Foni ya motokari juu ya meza

Kijana mmoja aliniuliza hivi: "Pasta, foni tuliyoitoa mu motokari inasikia watu muzuri, lakini tukifinya mikro ili tuseme, inazimika. Imekufa?"

Hapana, haikufa. Ina njaa. Foni ya wati 50 ikisikiliza tu inakula ampere moja hivi ao chini. Ikisema inaomba 10 mpaka 12. Chombo chao cha kutoa kuran kilikuwa cha ampere 3. Hata chombo kikubwa, kama kifungo chake cha ampere kimewekwa chini, volti zinaanguka na foni inazimika.

Basi fanyeni hivi. Mbele ya kufunga nyuzi, wekeni chombo kwa volti 13,8 na mupime. Uzi mwekundu uende kwa alama ya +, mweusi kwa alama ya −. Mukigeuza, mutaunguza foni. Fuzible ikiungua, musitie kipande cha waya pahali pake. Nyuzi ziwe fupi na nene. Na antena ifungwe mbele ya kusema, kwani foni ikisema bila antena inaweza kuharibika.

Wazazi, musiseme ni michezo ya watoto. Mama mwenye mimba akizidiwa usiku, na motokari ya hospitali iko mbali, foni ile ndiyo itaiita. Heri kuijaribu leo mchana, kwa kufinya mikro na kusema, kuliko kujua usiku ule kwamba inaweza kusikia tu.