Makato ya Muuguzi na Haki ya Kutembelewa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeihesabu afya miongoni mwa huduma za lazima, ambazo watumishi wake hawaruhusiwi kugoma ila kwa masharti mazito. Nami sina ugomvi na katazo hilo, kwani mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane huko Butiama, mkoani Mara, hana muhula wa kungoja mwajiri na mwajiriwa wapatane. Lakini madhali muuguzi amezuiliwa mgomo, chama chake kimebakiwa na nguvu mbili tu: kujuana na wanachama wake mmoja mmoja, na kuaminiwa na raia wanaotibiwa nao. Kwa maoni yangu, zote mbili zimepuuzwa.

Mtu akitoka Musoma kwa njia ya Bunda, kisha akaiacha lami akaingia vijijini, aghalabu atakuta zahanati yenye muuguzi mmoja au wawili. Asubuhi hupima watoto uzito na kuwachanja, adhuhuri hugawa dawa, alasiri huinamia madaftari ya MTUHA, yaani ya taarifa za huduma za afya, na usiku huamshwa kwa hodi ya dirishani akamzalishe mtu kwa mwanga wa simu aliyoibana kidevuni. Muulize katibu wa tawi lake ni nani, na si ajabu akutajie mtu aliyekwisha hamishwa zamani. Muulize ni chama gani kinachomkata mshahara, huenda akaitafuta kwanza hati yake ya malipo, kwa sababu TUGHE, chama cha watumishi wa serikali na afya, na TALGWU, cha watumishi wa serikali za mitaa, vyote vimekuwa vikiwania watumishi wa afya wa halmashauri, na TANNA, ambacho ni chama cha taaluma ya uuguzi wala si cha kutetea ajira, huchanganywa navyo kila siku.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ile ile ya 2004, katika kifungu cha 72, inakiruhusu chama chenye wengi mahali pa kazi kufanya mapatano na mwajiri, hata asiyekuwa mwanachama naye akatwe ada ya uwakala, kwa hoja kwamba naye hunufaika na majadiliano. Hoja hiyo ina insafu ndani yake. Walakini ina athari moja ambayo haisemwi sana: fedha huingia kutoka kwa muuguzi aliyeridhika na kwa muuguzi aliyenuna kwa kadiri ile ile, na kiongozi anayelipwa pasipo kubembeleza hupungukiwa na sababu ya kupanda bodaboda kwenda kubembeleza. Nadhani waliotunga kifungu waliliona hilo, ndiyo maana wakaamuru ada hiyo iwekwe katika akaunti ya peke yake, na itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali pale pale pa kazi. Pale pale, si makao makuu.

Mkoa wa Mara unayo sababu ya kuijua tabia hii ya chama kisicholazimika kuwabembeleza wanachama wake. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, serikali ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, iliivunja TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, na kuisimamisha NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo waziri wa kazi. Namheshimu Mwalimu kama wamheshimuvyo watu wa kwao, hata hivyo nasadiki kwamba urithi mmoja wa siku zile ni mazoea ya chama kuyaelekeza macho juu, kwa wakubwa, na mgongo chini.

Ama kwa upande wa raia, kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, huwashwa mishumaa, huchangwa damu, hutolewa hotuba. Na kesho yake mgonjwa aliyeambiwa dawa hakuna humtukana nesi yule yule, na nesi naye humjibu kwa lugha ambayo sitaitetea. Laiti chama kingesimama katika mkutano mkuu wa kijiji, kikaeleza jinsi dawa zinavyoagizwa kutoka Bohari ya Dawa na zinapokwamia, kikasikiliza pia malalamiko ya kauli chafu bila kujihami, muuguzi angepata mashahidi ambao mwajiri hawezi kuwapuuza, kwa kuwa ndio wapiga kura wa diwani.

Nitajibiwa kwamba mafuta ya gari la kuwatembelea wanachama ni ghali na vituo ni vingi. Basi hesabu ya akaunti ile ya ada ya uwakala na ibandikwe ukutani katika hospitali za Musoma na Bunda na katika kila zahanati, tujue mafuta yameshindikana kwa shilingi ngapi. Na mkutano ujao wa tawi ufanywe Butiama, alasiri, saa ambayo aliyekesha zamu amekwisha amka.