Mugonjwa Anafichwa Juu ya Mahari

Kila mara tunapozungumuza juu ya magonjwa ya akili, kuna mwenye kusimama na kusema: "Shida ni mila. Wazee wanaamini bulozi, basi hawaendi kwa munganga." Mara nyingi mwenye kusema vile ana diplome ya universite. Sisi tunakataa. Tumekaa na wazee, tumekaa na wasomi pia, na tunajua ni nyumba gani zina chumba cha nyuma chenye kufungwa na kufuli.

Tuanze na ndoa. Mila inataka kwamba mbele ya kupeleka mbuzi ya kwanza, upande wa kijana utume mutu wa hekima aulize kwa majirani. Ile jamaa ni ya namna gani? Wanalima? Wanagombana? Kuna kifafa? Kuna wazimu? Wazee walitaka watu wajuane mbele ya kuunganisha damu, na hatuoni ubaya ndani yake. Lakini angalieni tunavyoigeuza leo. Jamaa yenye mabinti watatu na kijana mumoja aliyeanza kusikia sauti za watu wasioonekana inapiga hesabu haraka: kijana akionekana ku mulango wa hospitali ya wagonjwa wa akili, habari itafika soko mbele ya magaribi, na hakuna atakayekuja kuomba binti. Basi kijana anafungiwa. Majirani wanaambiwa amekwenda Kampala, ao anachimba zahabu Kamituga. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili, wa tatu. Ugonjwa ambao ungepata dawa mapema unazidi kuota mizizi, na siku anapotoka, anatoka kwa kuvunja mulango, uchi, mbele ya watu wote. Hapo mahari yamepona?

Kilichomuzuia yule kijana kufika kwa munganga si bulozi. Ni hesabu ya mahari, na wenye kuipiga ni walimu, wafanyakazi wa serikali, wajumbe wa kamati ya parokia. Hata ndani ya chama chetu wako. Hatujitoi.

Sasa vyumba vya maombi. Hatupigani na sala. Wengi wetu tunasali kila siku. Tunapigana na kamba. Mugonjwa anafungwa ku muti, ananyimwa chakula siku tatu ili "pepo itoke". Mutu asiyekula wala kunywa anadhoofika, na akidhoofika ananyamaza. Kunyamaza kule kunaitwa uponyaji. Jamaa inatoa sadaka ya shukrani. Kisha juma mbili anaanza tena kupiga kelele, na inasemwa kwamba imani ilikuwa kidogo.

"Lakini hospitali ni bei!" Ndiyo, ni bei, na serikali yetu haijawahi kubeba muzigo huu inavyopaswa. Hospitali zenyewe ni chache: Bukavu iko na SOSAME tangu 1994, Goma iko na Tulizo Letu, Lubumbashi iko na kituo chenye jina la Docteur Joseph Guislain, zote kazi ya Wafrere wa Karita, Kinshasa iko na CNPP ya universite. Mutu wa Shabunda atafikaje? Hilo ni deni la wakubwa wa inchi na tutaendelea kuwadai. Ila jamaa zenye kulalamika juu ya bei, tumuulize mufumu alikula mbuzi ngapi, na pasta alipokea bahasha ngapi. Feza ilikuwako. Ilipita njia ingine.

Wengine wanasema haya ni magonjwa ya Wazungu. Basi wajue kwamba Wazungu pia waliwafunga wagonjwa wao na minyororo. Huko Ubelgiji, mu muji wa Gand, wale Wafrere walianza kuwatoa ndani ya shimo la ngome mwaka 1815. Dawa ya kwanza iliyotuliza kweli wagonjwa wenye kusikia sauti ilianza kutumika Paris mwaka 1952. Si zamani sana: wazee wetu wengi walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Na kifafa, ambacho si wazimu hata kidogo? Ni ugonjwa wa ubongo, na kwa wengi kinini cha bei ndogo, kikinywewa kila siku bila kuacha, kinapunguza maanguko ao kinayamaliza. Lakini mutoto anaanguka ndani ya moto, na watu wazima wanasimama pembeni juu ya kuogopa mate yake. Mate ya kifafa hayaambukizi. Tumeandika hivi mara ngapi?

Iko mila moja ambayo tungetaka irudi kwa nguvu: matanga. Mwenye kufiwa hakuachwa peke yake. Watu walilala naye ku mikeka, walimusikiliza akirudilia maneno yale yale usiku kucha, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Tangu vita ya 1996 mpaka siku za Goma na Bukavu mwanzo wa 2025, wangapi walizika wakikimbia, ao hawakuzika? Leo mwenye kukosa usingizi, mwenye kushituka akisikia mulango, tunamwambia: "Jikaze, siye wote tuliona vita." Kwa wanaume ndiyo mbaya zaidi, wanajikaza ndani ya chupa.

Tunaomba basi kwamba mujumbe wa ndoa, akifika kwa majirani, aulize neno lingine: mugonjwa wa jamaa hii anatunzwa wapi? Jamaa yenye kujibu "iko kwa munganga, anakunywa dawa, tunamusindikiza kila mwezi" ndiyo ya kuoa kwayo. Yenye kujibu "siye hatuna mugonjwa", aangalie kwanza chumba cha nyuma.