Dakika Kumi za Meza ya Labo

Umeketi kwenye benchi nje ya labo. Mtoto amekulalia mapajani, jua linapanda, na mfanyakazi wa labo anasema, "Ngojeni, meza ingali na dawa." Nawe unanung'unika kwamba anakuchelewesha bure, afute tu, aendelee. Nakuambia, kungoja huko ni sehemu ya matibabu yako.

Fikiri ni vitu gani vimepita juu ya meza ile tangu asubuhi. Mtoto mwenye choa amekwaruzwa kichwani, na magamba yake yametiwa juu ya kioo pamoja na potasi yatazamwe kwa mikroskopi. Kuvu iliyomo katika magamba hayo, yakianguka mezani, huweza kukaa hai miezi mingi. Kuvu nyingine huzaa mbegu ndogo kuliko vumbi, nazo huruka kwa upepo wa mlango tu. Zikimwangukia mtu mwenye SIDA, ambaye mwili wake hauna nguvu ya kupigana, zaweza kumdhuru. Zikianguka katika kipimo chako, labo itaona ugonjwa usio wako, nawe utameza dawa isiyo yako. Na Butembo, mji wetu wa mlimani wenye mvua, wajua mwenyewe jinsi viatu vinavyoota ukungu chini ya kitanda.

Sisi wa Butembo na Beni twadhani twaijua dawa ya klore. Tangu Agosti 2018 hata 25 Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika nchi yetu, wengi wao wa pande hizi. Tulinawa klore kila mlangoni, hata wengine wakaichukia harufu yake kama harufu ya kifo. Mwaka 2021 ugonjwa ulirudi kidogo upande wa Butembo, kisha Beni, ukaisha. Ndoo nyingi sasa zatunza maharagwe. Lakini wazo moja lilibaki vichwani mwetu, nalo ni baya: kwamba harufu ndiyo iuayo.

Sivyo. Klore hupotea nguvu ikikutana na uchafu. Ukiimwaga juu ya damu au makohozi, inamalizika hapo, na kuvu iliyo chini inabaki salama. Kwanza meza ioshwe kwa maji na sabuni, kwa kitambaa kilicholowa. Usifagie pakavu, maana utazirusha mbegu. Ndipo Javel: ile ya asilimia 5, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, ichanganywe kila asubuhi, kwa sababu jua na joto huiharibu. Meza ibaki imelowa dakika kumi. Ikikauka mapema, ilowanishwe tena. Wala Javel isichanganywe kamwe na siki wala asidi yoyote. Hutoa hewa ya sumu. Na chombo cha kuoteshea kuvu kikivunjika, watu wote watoke, mlango ufungwe nusu saa, ndipo aingie mwenye glavu na barakoa.

Dakika kumi ni nyingi? Soma Walawi sura ya 14, habari ya nyumba yenye madoa ya kijani na mekundu ukutani. Kuhani hakuifuta akaondoka. Aliifunga siku saba, akarudi kuitazama, na mawe yenye doa yakatupwa nje ya mji. Hatusomi kwamba mwenye nyumba aligonga mlango.

Kwa maoni yangu, makanisa yetu hupenda kuinunulia hospitali rangi ya ukuta, kwa kuwa wageni huiona. Afutaye meza hakumbukwi hata katika maombi, naye hufanya kazi kwa glavu zilizotoboka. Akina mama wa kanisa mkikusanya sadaka, nunueni glavu na Javel. Leteni iliyofungwa, yenye nguvu na tarehe iliyoandikwa kwenye chupa. Ile ipimwayo sokoni katika chupa za soda haijulikani nguvu yake, na labo haiwezi kuitumia.